Sauti Nilizokutumia kutoka Jangwani

Rayners Lane, Harrow,
London.

Jumapili, 10 Novemba 2024

Mpendwa dada yangu Haifa,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute u mzima, wewe na wote wa hapo nyumbani. Goti linaendeleaje? Na yule fundi, alikuja kukubadilishia bati la jikoni au bado anakupiga danadana? Mvua zikianza kabla hajaja usikubali visingizio vyake. Mfuate kwake, kaa barazani mpaka aone haya.

Mimi nipo, namshukuru Mungu. Mwili hauna neno, presha ni ile ile na vidonge ni vile vile. Huku saa zimesharudishwa nyuma, kwa hiyo jioni inaingia mtu hajamaliza hata kunywa chai ya alasiri. Tangu marehemu mume wangu Shabbir atutoke nyumba imekuwa kubwa, na siku hizi naiacha televisheni inazungumza peke yake sebuleni ili nikiwa jikoni nisikie mtu.

Utashangaa kupata barua ya kalamu, maana hata mimi mkono umesahau. Neno "mpendwa" nimeliandika mara tatu ndipo likakaa sawa. Lakini dada, najua sauti zangu za kwenye simu zilikufika. Nililiona lile tiki la buluu kwamba umezisikiliza zote, na tangu hapo kimya. Hujanijibu salamu, hujanijibu Ijumaa njema, hata picha ya mjukuu wako ambayo ungemtumia kila mtu, mimi sikuipata. Nimejaribu kukurekodia nyingine. Nabonyeza, nafungua mdomo, naisikia sauti yangu, naifuta. Naiogopa sauti yangu mwenyewe. Kwa hiyo nimechukua kalamu.

Acha nikueleze kule nilikokuwa, kwa sababu kwenye zile sauti nilikuwa nalalamika tu, sikueleza kitu.

Unajua kwamba Imtiyaz wangu ni fundi wa umeme wa jua na pampu za maji, na kwamba aliondoka London akaenda kufanya kazi Namibia. Loji yao iko pembeni mwa jangwa, mbali na kila kitu. Ukitoka Windhoek unaendeshwa tangu asubuhi mpaka mchana unageuka, barabara ya changarawe, hakuna duka, hakuna mbuzi, hakuna mtu wa kumpungia mkono. Wafanyakazi wana ruhusa ya kumleta mzazi mmoja kwa mwaka akae kama mgeni. Imtiyaz aliniandikia kwamba anataka nikayaone maisha yake. Nikafurahi, nikafunga begi, nikatia na achari na chevda kana kwamba nakwenda kwenye njaa.

Uzuri wake siwezi kuukana. Asubuhi ukungu unatoka upande wa bahari unafunika mchanga, kisha jua linaukunja, na unaona choroa wamesimama mbali na pembe zao ndefu, hawana haraka na mtu. Mahema yao si mahema ya kuchekwa, dada. Yana vitanda vya mbao, bafu la maji moto, na jioni wanakuwekea mpira wa maji ya moto chini ya blanketi, maana baridi ya jangwani usiku inauma kuliko hata ya huku.

Ila kila kitu kule kimepangwa kwa watu wawili. Vikombe viwili, taulo mbili, kanzu mbili za kuogea, viti viwili vilivyoelekezwa kwenye mchanga. Wageni wote ni mtu na wake. Wajerumani na Wafaransa, wengine wazee kuliko mimi, wameshikana mikono kama waliooana jana. Mimi kile kiti cha pili nilikiwekea begi langu ili kisikae kitupu. Tulipopelekwa juu ya kilima cha mchanga kutazama jua likizama, kila mmoja alikuwa na wa kumwambia "ona pale." Mimi niliona pale peke yangu.

Na Imtiyaz nilikuwa simpati. Kule mfanyakazi hakai meza ya wageni, ndiyo kanuni, na mwanangu ni mtu wa kanuni kama baba yake. Alikuwa anapita mchana, ananuka oili, ananibusu kichwani, anasimama. Anasimama, dada! Mama yake nimeketi naye amesimama kama mtu anayesubiri oda. Nikimuuliza kwa Kiswahili "Umekula, baba?" ananijibu kwa Kiingereza chake kwamba ameshakula. Unajua ndivyo alivyo tangu mdogo, anasikia kila neno na hajibu hata moja. Nilikwenda mpaka mwisho wa dunia kumwona mwanangu, nikaishia kumwona anavyoondoka.

Sasa niingie kwenye lenyewe.

Mtandao kule haupatikani ila chini ya paa la ukumbi wa kulia chakula, meza za pembeni. Kwa hiyo kila niliposhikwa na upweke nilikwenda kukaa pale na kukurekodia wewe. Na pale ndipo alipokuwa anahudumu yule binti, Armelle. Mrefu, nywele amezisuka mistari, jina lake kwenye kibati kifuani. Nikamchukulia ni mtu wa huko huko. Siku ya kwanza nilimwambia kwa Kiingereza kwamba nyama yao siwezi kula kwa sababu haijachinjwa inavyotakiwa. Kesho yake akaniletea maharage yaliyoungwa vizuri, na ugali laini, na mboga ya majani. Akaniuliza kama nimepapenda, akauliza usiku nililalaje, akauliza kama blanketi moja linatosha. Mimi mtu akinihudumia hivyo nauliza anatafuta nini. Nilipomwona Imtiyaz anampokea trei mkononi, na yeye anamfuta Imtiyaz vumbi begani, nikapata jibu langu.

Unakumbuka ile sauti yetu ya dukani? Nilishakusimulia. Mimi na Shabbir tulivyokuwa na lile duka karibu na stesheni, mteja akiingia tulikuwa tunamjadili kwa Kiswahili mbele yake. Ufundi wake ni kwamba hukunji uso. Unatabasamu, unaangalia rafu, unasema polepole kama unayetaja bei: huyu mtazame mifuko, huyu anapenda kurudisha vitu, huyu mkewe kamfukuza ndiyo maana ananunua supu ya mtu mmoja. Mteja naye anatabasamu, anadhani tunasema habari za mvua. Tulicheka sana, mimi na Shabbir. Miaka yote ile London nzima ilikuwa inapita mbele yetu na sisi tumejificha ndani ya Kiswahili kama watoto chini ya kitanda.

Basi nikaipeleka ile sauti jangwani.

Sina haja ya kukurudishia niliyosema, unayo kwenye simu yako. Lakini nitayaandika, kwa sababu kuandika kunaumiza zaidi na nastahili. Nilikwambia kuna kijakazi hapa anamzunguka mwanangu. Nilikwambia hajali kitu ila pasipoti ya Uingereza. Nilikwambia watu wale ukiwachekea kidogo unawakuta wamekaa kwenye kochi lako. Nilikwambia Imtiyaz heri abaki kapera mpaka nywele zimwishe kuliko kuniletea huyo. Na yote hayo niliyasema Armelle amesimama mbele yangu anamimina chai, nami namtabasamia, na yeye ananitabasamia.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka upepo ulivuma tangu alfajiri, mchanga umejaa hewani, wageni hawakupelekwa popote. Nikawa nakurekodia ile ndefu, ile ya mwisho. Armelle akaja na birika. Nikaendelea tu, sikushusha hata pumzi. Akamimina mpaka kikombe kikajaa, akakigeuza mkono wa kikombe uje upande wangu, akasema:

"Mama, chai iko moto sana. Uangalie mukono."

Dada Haifa! Nilidhani masikio yangu yamechezewa na upepo. Nikamtazama. Akaniambia taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza:

"Minasikiaka Kiswahili, mama. Njo luga ya kwetu. Minatoka Lubumbashi."

Kisha akachukua trei yake akaenda kuwahudumia Wajerumani. Mimi nilibaki pale nimeishika simu bado inarekodi. Kama ulisikiliza mpaka mwisho, umesikia birika likiwekwa mezani, umemsikia na yeye, halafu umesikia upepo tu. Nilikuwa najitahidi kuifuta, ikakufikia.

Alasiri Imtiyaz akaja hemani kwangu. Mara hii alikaa. Alikaa kwenye kile kiti cha pili, akaliweka begi langu chini. Armelle hakumshitakia, ni mimi niliyemweleza, maana nilidhani ameshajua. Alinisikiliza mpaka mwisho na uso wake haukubadilika. Nilikuwa namwomba Mungu mwanangu apige hata kelele.

Kisha akanieleza. Wanapendana na wamekubaliana kuoana, walikuwa wamepanga kuniambia usiku ule ule kwenye chakula cha kuagana. Kusudi la kuniita lilikuwa hilo. Armelle mwenyewe ndiye aliyeomba meza yangu, akabadilishana zamu na wenzake, kwa sababu alisema anataka kumjua mama mkwe wake kwa kumlisha. Na yale maharage alikuwa anayapika kwa mkono wake baada ya kazi kwisha, jikoni kwa wafanyakazi.

Nikamuuliza mbona Armelle hakuniambia basi kwamba anajua Kiswahili. Tangu siku ya kwanza! Nikamwambia kwa ukali, unajua tena mtu akikosa kisha anatafuta wa kumgawia.

Imtiyaz akasema alikuwa amemsimulia Armelle kwamba tangu baba afe mimi sina wa kuzungumza naye Kiswahili ndani ya nyumba, na kwamba yeye Imtiyaz anasikia lakini ulimi wake mzito, anaona haya. Armelle akafurahi sana. Akasema basi hilo ndilo litakalokuwa zawadi yangu, asinigusie mpaka usiku wa mwisho, kisha asimame mbele yangu anisalimie kwa Kiswahili aone nitakavyoshangaa. Alikuwa anaifanyia mazoezi hiyo salamu, dada. Alikuwa anamuuliza Imtiyaz watu wa pwani husemaje.

Hapo nililia. Nililia mbele ya mwanangu kama ambavyo sikulia hata kwenye msiba wa baba yake. Kwa siku zote zile nilikuwa nakufa kwa upweke, na mtu wa kuzungumza naye alikuwa ananimiminia chai.

Usiku ule sikwenda kula. Asubuhi wafanyakazi walijipanga kuniaga kama wanavyowaaga wageni wote, wanaimba na kupiga makofi. Armelle alikuwepo. Nilikuwa nimeshajiandalia maneno ya kumwomba radhi, nimeyarudia usiku kucha. Nilipomfikia nikaishia kurekebisha mtandio wangu. Yeye akanipa mkono, akanitakia safari njema kwa Kiingereza, kwa tabasamu lile lile la wageni wote, akaniita madam.

Imtiyaz aliniendesha mpaka Windhoek. Njia nzima alinieleza habari za pampu na betri.

Tangu nirudi nimemwandikia Armelle kumwomba anisamehe. Nimeandika kwa Kiswahili, ndefu. Akanijibu siku hiyo hiyo kwa adabu, kwa Kiingereza, kwamba ameyasahau na ananiombea afya njema. Sijui kama kuna kufungiwa mlango kwa upole kuliko huko.

Huku hakuna wa kumweleza. Jirani yangu wa zamani Sonal, yule wa Kisumu aliyehamia Kenton, nilianza kumgusia, akasema mbona hata yeye angesema vile vile, akacheka, akabadilisha mazungumzo. Mwezi uliopita ningecheka naye. Nikachukua koti nikarudi kwangu.

Na kuna wewe. Dada, kwa wiki ya kwanza nilidhani umekasirika kwa sababu nimemtukana mtoto wa watu. Kisha siku moja ninakunja nguo, neno likanipata hapo hapo, nikakaa chini sakafuni. Nilisema "watu wale." Nilimwambia nani? Nilimwambia mtoto wa Mwalimu Namangaya.

Baba yako, huyo Mwalimu, alikuwa Mmwera wa huko Lindi, na mama yako Mhindi kama sisi, dada yake mama yangu. Babu hakukanyaga arusi yao, na mahari alikataa hata kuyaona. Mama mkubwa Rukia aliishi mtaa wa pili na nyumba ya wazazi wake, na akija analetwa kwa mlango wa uani. Mimi nilikuwa mdogo sana wakati ule, lakini wewe ulikuwa umeushika mkono wake. Na baada ya babu kulala kitandani asiweze hata kujigeuza, ni Mwalimu Namangaya aliyekuwa anakuja jioni kumbeba kumpeleka msalani. Yote hayo nayajua. Nayajua vizuri kabisa, na nilikurekodia wewe maneno yale nikitegemea utacheka.

Sikuombi useme si neno. Ni neno. Ukitaka kunitukana nitukane, wewe ni mkubwa wangu, nitasikiliza mpaka mwisho bila kukukata. Kinachoniua ni kimya.

Sasa kuna jambo. Imtiyaz alinipigia Jumatano. Wazazi wa Armelle wameshafariki, aliyemlea ni shangazi yake, Mama Marie-Claire, anakaa Windhoek. Huyu shangazi amesema hamtoi mtoto wake kwa simu. Anataka wakubwa wa upande wa mume waje, wakae kitako, waseme kwa mdomo wao wamekuja kutafuta nini. Mambo ya dini vijana wameshayazungumza na wameelewana, mimi sikuulizwa na sikuthubutu kuuliza. Posa ni mwezi wa kwanza. Imtiyaz amesema ataongozana na mwenzake wa kazini, fundi wa magari, ndiye atakayemsemea. Nikamuuliza, na mimi? Akasema nakaribishwa, nitakuwa mgeni wao.

Mwanangu ananialika posa yake kama mgeni, na mkubwa wake ni fundi wa magari.

Simlaumu. Mimi nikisimama mbele ya yule mama nikasema tumekuja kumwomba binti yenu, Armelle atanitazama, na mdomo wangu hautakuwa na thamani. Anatakiwa mtu mwingine wa kulisema. Nimefikiri ukoo mzima, walio Dar, walio Toronto, walio hapa London. Nimekuta kila mmoja angesema maneno mazuri sana kisha kwenye gari akasema mengine. Ni wewe tu, dada. Nakuomba uje Windhoek uwe msemaji wetu. Tikiti ni juu yangu, na nitakuja mpaka Lindi nikufuate ili usisafiri peke yako na hilo goti. Wewe utangulie mlangoni, mimi nitaingia nyuma yako nikae utakaponionyesha.

Nisalimie wote. Msalimie shemeji Bakari, mwambie dawa yake ya macho nimeipata, nitaituma kwa mtu anayekuja. Msalimie Zuhura na mumewe, na wajukuu wote, hasa huyo mpya ambaye sijamwona hata picha. Ukienda makaburini nisomee Fatiha kwa mama mkubwa na kwa Mwalimu.

Na ukiwa huwezi kuja, au huwezi kunitazama kwa sasa, nitaelewa. Basi usinijibu mimi. Namba ya Armelle nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie yeye. Mpigie kwa Kiswahili, mwambie wewe ni mama yake mkubwa Imtiyaz, unapiga kutoka Lindi kumsalimia, muulize ameamkaje, muulize habari za shangazi yake, umwache aseme na yeye. Asije akadhani ukoo mzima ni mimi.

Mungu akuhifadhi, akupe nguvu ya mwili na akulainishie moyo.

Mdogo wako akupendaye na aliyekukosea,

Nasim